Milioni 43 haigeuki hasi, inageuka elfu 50

Wiki hii tena! Kijana mmoja hapa Tabora kanionyesha programu yake ya malipo ya tumbaku. Anachukua long (namba nzima ya biti 64), anaikata iwe int (ya biti 32 tu), halafu chini yake kaandika: ikiwa ndogo kuliko sifuri, toa kosa. "Kaka, ikizidi itakuwa hasi, nitaidaka." Neno hilo nimeshalisikia mno, na linaniuma kwa sababu lina ukweli nusu.

Int ya biti 32 inaishia 2,147,483,647, hilo mnalijua. Yeye anahifadhi pesa kwa senti, na anafanya vizuri, ila kwa senti kikomo hicho ni shilingi milioni 21 na ushei tu. Chama cha msingi kikilipwa milioni 25, hizo ni senti 2,500,000,000. Zikate, unapata -1,794,967,296. Sawa, mtego umenasa. Sasa weka milioni 43: senti 4,300,000,000. Int inabakiza biti 32 za chini; biti ya 33 ikitupwa zinaondoka 4,294,967,296, zinabaki 5,032,704. Shilingi 50,327 na senti 4! Namba chanya, imetulia, inapita mtegoni kama maji, na karani anachapa hati ya malipo.

Ukishakata umechelewa. Kagua long yenyewe kwanza, kikomo cha juu na cha chini. Kwa lugha za programu, Java ina Math.toIntExact tangu toleo la 8, Rust ina try_from. Zote zinakataa waziwazi. Go ukiandika int32(x) inakata kimya kimya.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, usiigeuze kuwa int wala long kabisa. Ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka wa kuzaliwa, wakati biti 64 zisizo na alama ya hasi zinaishia 18,446,744,073,709,551,615. Angeenea humo aliyezaliwa 1844 kurudi nyuma. Ihifadhi kama maandishi.

Ukishadaka kosa ufanye nini? Hapo bado sijatulia. Niliwahi kusimamisha malipo yote kwa ajili ya mstari mmoja wenye kosa kwenye orodha, watu wakalala bila pesa yao. Niliwahi kuuruka, mwenye mstari akasahauliwa. Siku hizi nauruka, lakini ripoti haifungwi mpaka mhasibu ausaini kwa mkono, na bado roho haijaridhika. Ninachokataa ni kubana namba kwenye kikomo. Anayedai milioni 43 ukimpa 21,474,836.47 kwa kuwa ndizo zilizoenea kwenye int, umemdhulumu.