Safari ya kwanza ya mbali ukiwa peke yako: wanayosema wanafunzi wa urubani na yalivyo

"Ukishajua kutua mwenyewe, safari ya mbali ni kazi ndogo." Kauli hii inanitia hofu kuliko zote. Kuzunguka uwanja wa Soroti, hapa Uganda, na kutua kunapima mikono yako. Safari ya peke yako inapima yale uliyoyaamua kabla hujawasha injini. Kanuni za kimataifa za leseni ya rubani binafsi zinataka safari moja ya angalau kilomita 270, utue na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti.

Wapo wanaoamini kwamba karibu na ikweta hakuna upepo wa kuhesabu. Chukua njia ya Soroti hadi Gulu, kama kilomita 190. Ndege ndogo hutumia saa moja hivi. Upepo wa ubavuni wa kilomita 25 kwa saa, usipourekebisha, utakufikisha kilomita 25 kando ya Gulu, na uwanja hutauona. Ndiyo maana jioni ya kabla ya safari unakaa na ramani, rula na penseli, unaandika kila alama ya ardhini na dakika ya kuifikia. Mji wa Lira uko karibu katikati ya njia hiyo. Dakika ya 30 ukiuona mbali kulia kwako, jua upepo umekusukuma kushoto, na bado una nusu ya njia ya kurekebisha. GPS ni msaada mzuri, lakini kishikwambi hupata joto juani kikazima, na hapo karatasi iliyo pajani ndiyo itakayokuongoza.

"Asubuhi ni kweupe, twende." Kweupe ya Soroti haisemi lolote kuhusu Entebbe. Usiku mvua za radi hujikusanya juu ya Ziwa Victoria, na pwani ya ziwa inaweza kuamka na ngurumo. Mchana joto la nchi kavu huinua mawingu makubwa bara. Soma taarifa za hali ya hewa za kila uwanja, kisha uandike saa ambayo lazima uwe umeshatua. Iandike ukiwa chini, kichwa kimetulia.

Kuna pia dhana kwamba ukiwa peke yako ndege ni nyepesi, basi njia yoyote ya kurukia inatosha. Uzito umepungua kweli, lakini Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, ndege inafanya kazi kana kwamba iko karibu mita 1,900: inakimbia zaidi kabla ya kupaa, na inapanda polepole. Lami ya Entebbe ni ndefu, itakuvumilia. Kiwanja kifupi cha nyasi hakitakuvumilia.

Mafuta usiyasome kwenye geji pekee. Panda, fungua tangi, chovya kijiti, uone mwenyewe. Mchana ubakize akiba ya dakika 30 kwa uchache, na usihesabu kuongeza mafuta uendako kabla hujathibitisha.

La mwisho ni imani kwamba kukiri umepotea ni kufeli. Mkufunzi wako anataka urudi. Ita kwa redio mnara wa kuongozea ndege uliokuwa ukizungumza nao, na usipojibiwa, masafa ya dharura ni megahezi 121.5. Taja namba ya ndege, sema wewe ni rubani mwanafunzi, alama ya mwisho uliyoitambua na saa yake, uelekeo wako na mafuta yaliyobaki.