Kemshafti ya resi haipandi Bugando

Kijana wa bodaboda alinijia hapa Mabatini, Mwanza, analalamika: pikipiki yake ya cc 150, barabara ya tambarare ya kwenda uwanja wa ndege inaruka, lakini akipakia abiria mwenye gunia la dagaa kupanda mlima wa Bugando, inakata pumzi hadi gia ya kwanza. Kabureta alishasafisha, plagi alishabadilisha. Nikafungua kifuniko cha juu cha injini. Kemshafti haikuwa ya kiwandani. Kuna mtu alimuuzia ya resi.

Kemshafti ni mhimili wenye nundu. Nundu ikifika kwenye roka, yaani mkono mdogo wa chuma, roka inasukuma valvu, mlango wa kuingiza hewa au kutoa moshi, nayo inafunguka. Taimingi cheni, mnyororo unaotoka kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), huuzungusha kwa nusu ya kasi ya kranki: kranki ikipiga mizunguko 8,000 kwa dakika, kemshafti inapiga 4,000, na kila valvu inafunguka na kufunga zaidi ya mara 60 kwa sekunde.

Sasa hapa ndipo wengi hawapajui. Valvu ya kuingiza haifungi pistoni inapofika chini, huchelewa makusudi. Hewa ina uzito. Ikishashika mwendo haisimami ghafla, inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda. Nundu ya resi ni pana, kwa hiyo inachelewesha zaidi. Kwenye mizunguko 9,000 hiyo ni neema. Kwenye 3,500, mlimani na mzigo, hewa haina mwendo wa kutosha, na pistoni inairudisha ilikotoka. Kinachobaki cha kubanwa na kuwaka ni kidogo. Tena valvu zote mbili, ya kuingiza na ya moshi, hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu, ndiyo maana sailensa yake ilikuwa inakoroma kwa kukatakata. Vijana wanaupenda mlio ule, lakini mimi nikiusikia kwenye pikipiki ya kazi roho inaniuma.

Na sisi wa Mwanza tumeshapungukiwa tangu mwanzo. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hatuna hewa ya kurudisha nje.

Injini za mtindo wa Honda CG125 ya mwaka 1976 zilielewa kazi ya aina hii. Kemshafti iko chini karibu na kranki, inasukuma valvu kwa fito, na nundu moja tu inahudumia valvu zote mbili. Haikimbii sana, lakini inavuta.

Kijana nilimrudishia ya kiwandani, akapanda Bugando kwa gia ya pili.

Hata hivyo wengi wanaoniletea pikipiki zisizovuta hawajabadilisha kitu. Nundu zimelika kwa sababu ya oili chafu au pungufu. Nundu ikilika valvu inafunguka kidogo, na tapeti, yaani skrubu za roka zinazogusa valvu, zinaanza kugonga. Zikinyamaza kabisa usifurahi pia: huenda nafasi kati ya tapeti na valvu imekwisha, valvu haifungi vizuri, inavujisha na kuungua. Kwa injini nyingi ndogo nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, ya valvu ya moshi ikiwa kubwa kidogo, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Pima kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla hujaiwasha.