Kannabinoidi hutuliza kichefuchefu, hazitibu saratani

Siku hizi ukikaa kijiweni hapa Moshi hukosi kusikia kwamba Wazungu wanatibu saratani kwa bhangi. Maneno hayo yanawafikia hata ndugu wanaouguza watu wao hospitali ya KCMC, na hapo ndipo yanapoumiza.

Kannabinoidi ni kemikali zilizomo kwenye bhangi, pamoja na zinazotengenezwa maabara zikifanana nazo. Zinazojulikana zaidi ni THC, ile inayolewesha, na CBD, isiyolewesha.

Sasa hilo neno "kutibu". Dripu kali za saratani, kama sisplatini, huzifanya seli za utumbo zimwage serotonini, kemikali ya mwili inayobeba ujumbe. Serotonini huamsha neva inayopeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na mgonjwa anatapika. Aliyewahi kuuguza anajua: mtori haujaiva, harufu tu imefika chumbani, mgonjwa anaomba beseni. THC hushika vipokezi vya CB1, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hizi, kwenye shina hilohilo la ubongo na kupunguza msukumo wa kutapika. Kazi yake inaishia hapo. Uvimbe uko palepale.

Marekani iliidhinisha dawa mbili za namna hii mwaka 1985: dronabinoli, ambayo ni THC ya maabara, na nabiloni, inayofanana nayo. Hata hizo ziliruhusiwa kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia, maana huleta usingizi, kizunguzungu na presha kushuka. Dawa za kuzuia kutapika zinazotangulia leo ni ondansetroni na deksamethasoni, tena hutolewa kabla ya dripu kuanza.

Na kidonge chenye miligramu zinazojulikana si sawa na msokoto ambao hakuna aliyeupima. Tena bhangi yenyewe, ikivutwa mara kwa mara kwa miaka, inaweza kumtapisha mtu mfululizo. Madaktari wa Australia waliandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo mwaka 2004. Wengi wao walikuwa wakipata nafuu wakioga maji ya moto.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema "zinatuliza kichefuchefu cha dripu". Mgonjwa wako akiendelea kutapika, usimtafutie msokoto. Andika alimeza nini na alianza kutapika saa ngapi, umwonyeshe daktari kabla ya dripu inayofuata. Zipo dawa nyingine za kuongeza, olanzapini ikiwemo.