Mbwa Jike wa Umbo Dogo: Afungwe Kizazi Lini, na Vipi?

Wafugaji wengi wa Mwanza wanaofuga mbwa wadogo, kama Maltese, Shih Tzu na Pomeranian, hutuletea swali hili wakiwa wamechelewa: jike ameshaingia joto, yaani yuko tayari kupandwa, na madume wa mtaa mzima wamelala getini. Ushauri wetu ni kwamba jike wa umbo dogo afungwe kizazi, yaani aondolewe viungo vya uzazi kwa upasuaji, akiwa na miezi 5 hadi 6, kabla ya joto lake la kwanza.

Mbwa wadogo hukomaa upesi. Jike wa kilo 3 anaweza kuingia joto akiwa na miezi 6 tu, ilhali jike wa mbwa wakubwa huweza kufikisha mwaka au zaidi. Kwa wakubwa, madaktari wengi hushauri kusubiri mifupa ikomae kwanza. Kwa huyu mdogo hoja hiyo haina uzito sana, na kusubiri kuna gharama yake.

Gharama hiyo tunaiona kwenye meza ya upasuaji. Jike asiyefungwa, hasa akishakuwa mtu mzima, anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi wiki chache baada ya joto: anakunywa maji kupita kiasi, anakataa chakula, na asipopasuliwa haraka anakufa. Upo pia uvimbe wa matiti. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1969 ulionyesha kwamba waliofungwa kabla ya joto la kwanza walibaki na takriban asilimia 0.5 ya hatari waliyonayo majike wasiofungwa. Baada ya joto la kwanza asilimia 8, baada ya la pili 26. Watafiti wa baadaye wamezihoji takwimu hizo, lakini sisi bado tunashauri kuwahi.

Wapo wanaosema aachwe azae mara moja kwanza ndipo atulie. Hakuna faida yoyote ya kiafya katika hilo. Jike wa kilo 3 akipandwa na dume wa mtaani mwenye kilo 20, watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia, na tukaishia kumpasua usiku kwa dharura. Madume wakigombania jike huumana, na kichaa cha mbwa hupita humo humo. Kuna na saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Sindano za homoni za kuzuia mimba nazo tunawasihi mziache: ndizo zinazochochea usaha na uvimbe ule ule.

Kabla ya upasuaji, jambo tunalolisisitiza kuliko yote huku kwetu ni kupe. Homa za kupe zinaweza kupunguza seli zinazogandisha damu bila mbwa kuonekana mgonjwa. Anacheza, anakula, lakini ukimfunua mdomo fizi zimepauka, au tumboni pana vidoa vyekundu. Mbwa wa namna hiyo akipasuliwa anaweza kuvuja damu isiyokatika, na mwili wa kilo 2 au 3 hauna damu ya kupoteza. Kwa hiyo mwombe daktari ampime damu, hata kama unampaka dawa ya kupe kila mwezi. Chanjo ziwe zimekamilika, pamoja na ya kichaa cha mbwa. Akiwa ameshaingia joto, subirini miezi 2 hadi 3 baada ya joto kuisha.

Mtoto wa mbwa mdogo hashindishwi njaa usiku kucha, kwa sababu sukari yake ya damu hushuka haraka. Kwa kawaida hupewa mlo mdogo laini saa chache kabla. Muda kamili atakupa daktari. Apimwe uzito asubuhi ile ile, maana dawa ya usingizi hukadiriwa kwa uzito, na alazwe mahali pa joto, kwani mwili mdogo hupoa upesi. Meno ya utoto ambayo hayajadondoka, na kwa mbwa hawa hutokea sana, yang'olewe katika usingizi huo huo.

Nyumbani, usimpe Panadol, diclofenac wala ibuprofen. Dawa ya maumivu ni ile tu aliyoandikiwa. Avae kola asilambe kidonda, asiogeshwe wala kupelekwa ziwani mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14. Akishapona, punguza kidogo ugali na dagaa, kwa sababu mbwa aliyefungwa kizazi hunenepa kwa urahisi.

Hakikisha anayempasua ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Mrudishe siku hiyo hiyo ukiona damu inatiririka, fizi zimekuwa nyeupe, kidonda kimefunguka au kinanuka, anatapika mfululizo, au amegoma kula zaidi ya siku moja.