Eti walikula walicholima tu: tunavyokosea tukiangalia vipindi vya mashamba ya zamani

Kuna vile vipindi vya BBC ambavyo siku hizi vimezagaa YouTube, watu watatu wamevaa nguo za karne nyingine wanalima na farasi, wanakamua, wanafua, wanatengeneza jibini, na unaanza kimoja saa tatu usiku unajikuta saa saba bado umekodoa macho unamtazama mtu anasuka uzio wa matawi. Vilianza na Tales from the Green Valley mwaka 2005, shamba la miaka ya 1620 huko Wales, kikaja Victorian Farm 2009 (enzi za Malkia Victoria, karne ya 19), Edwardian Farm 2010 (mwanzoni mwa karne ya 20), Wartime Farm 2012 (Vita ya Pili ya Dunia), halafu Tudor Monastery Farm 2013 kinachorudi mpaka mwaka 1500. Sura zenyewe mnazijua, Ruth Goodman mwanahistoria, na waakiolojia wawili Peter Ginn na Alex Langlands (kwenye kile cha Tudor Alex hayupo, kaja Tom Pinfold). Mimi ni mpenzi wa hivi vipindi kupita kiasi, ila ukiviangalia na watu wengine ndo unasikia maneno, na mengi ya hayo maneno siyo.

“Hayo si mashindano tu, nani atavumilia maisha magumu”

Hapana, mnachanganya. Mashindano ya namna hiyo yapo, Wamarekani walitengeneza Frontier House mwaka 2002, familia tatu za kisasa zikapelekwa Montana ziishi kama walowezi wa 1883, na mwishoni wataalamu wakawakagua kuni na nyasi kavu walizoweka kama zingewavusha msimu wa baridi, ugomvi wa majirani humo ndani usiseme. Hivi vya Waingereza ni kitu kingine. Hakuna anayetolewa, hakuna zawadi. Ni watu wa fani yao wanaochukua maelezo ya zamani na kuyafanya kwa mikono kuona kama yanafanyika kweli, na kwenye Victorian Farm mwongozo wao mkubwa ulikuwa kitabu cha kilimo cha Henry Stephens kilichotoka 1844, wanakisoma jioni wanakijaribu kesho yake.

Na wala msidhani walipewa pori. Acton Scott kule Shropshire walikopigia Victorian Farm ilikuwa makumbusho ya kilimo toka miaka ya 1970, Morwellham Quay kule Devon ya Edwardian Farm nayo makumbusho, kile cha Tudor kimepigwa Weald and Downland ambako wamekusanya nyumba za kale kibao. Kwa hiyo nyuma ya wale watatu kuna wahunzi, waezekaji, wasuka vikapu, watu wanaojua maksai, na kwa maoni yangu hao mafundi ndo nyota wenyewe, akiingia mhunzi mzee anayejua kazi mimi naacha hata chakula.

“Zamani watu walijitegemea, walikula walicholima, hawakumhitaji mtu”

Hii ndo kubwa lao, na nadhani ndo sababu ya watu wengi kuvipenda hivi vipindi, unaangalia unajiambia ningekuwa na ekari zangu tano na ng'ombe mmoja ningeachana na mambo ya mjini. Sasa hebu angalieni vizuri kilichopo kwenye picha. Jiko la chuma la Victorian Farm linawaka makaa ya mawe, na makaa ya mawe hayaoti shambani, yanachimbwa kwingine yanasafirishwa yananunuliwa kwa hela. Chai ya Asia. Sukari ya nje. Jembe la chuma la kiwandani. Mkulima wa miaka ya 1880 alikuwa mfanyabiashara mwenye kodi ya kumlipa mwenye ardhi, na soko lilikuwa linamkaba shingo, maana Uingereza ilishafuta ushuru wa nafaka tangu 1846, na reli na meli za moshi zilipokolea ngano ya Marekani ikaanza kuingia kwa bei ya kutupa. Halafu 1882 meli Dunedin ikatia nanga London ikitoka New Zealand na mizoga ya kondoo karibu 5,000 iliyogandishwa. Hebu fikiria wewe ni mfugaji wa kondoo Shropshire unasikia habari hiyo sokoni. Kufikia 1914 kwenye kila ngano tano walizokula Waingereza kama nne zilitoka nje.

Ndo maana Edwardian Farm imepigwa Devon kwenye bonde la mto Tamar na siyo kwenye mashamba makubwa ya ngano. Wakulima wa pale waliona ngano hailipi wakahamia stroberi na maua, yakichumwa yanapandishwa treni yanaenda London, na daraja la reli la Calstock lilipofunguliwa 1908 wakapata njia ya haraka zaidi. Huko kujitegemea kuko wapi hapo? Huyo ni mkulima wa kibiashara kabisa, ratiba ya treni ndo inamwamsha.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho Mtanzania akikiona inabidi ashtuke. Zile mashine za kuvunia ngano zilizokuwa zinakata na kufunga miganda zenyewe, unaona inapita nyuma inaangusha mganda umeshafungwa fundo. Imefungwa na nini? Kamba. Na kamba ya kufungia miganda kwa sehemu kubwa ilikuwa katani. Zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta Tanganyika 1893, mashamba yakatapakaa Tanga na Pangani mpaka Morogoro. Vita ya Pili ilipofika Japani ikateka Ufilipino na Java mwaka 1942, nyuzi za huko zikakatika, basi macho yote yakageukia katani ya Tanganyika na Kenya, mpaka serikali ya kikoloni ikawa inachukua watu kwa lazima kwenda kufanya kazi kwenye mashamba. Kwa hiyo ukiona kwenye Wartime Farm miganda imesimamishwa shambani Hampshire, imependeza, jua linazama, ujue kuna mtu Korogwe alikata yale majani yenye miiba tangu alfajiri na hajui hata ngano inafananaje.

“Ilikuwa kilimo safi, hakuna kemikali”

Weee. Josho la kondoo la enzi za Victoria lilikuwa aseniki, sumu kabisa. Dawa ya William Cooper iliyoingia sokoni 1852 ilikuwa unga wa aseniki na salfa, unachanganya na maji, unamzamisha kondoo, na wewe mwenyewe umelowa mpaka kiunoni bila glavu. Na ile Morwellham Quay inayoonekana imetulia na mto wake ilikuwa bandari ya migodi, shaba na aseniki vilipita hapo, mgodi wa jirani wa Devon Great Consols ulikuwa kati ya wazalishaji wakubwa kabisa wa aseniki duniani. Mbolea nayo, kuanzia miaka ya 1840 walikuwa wanaagiza kinyesi cha ndege wa baharini toka visiwa vya Peru, mzigo unazunguka Amerika Kusini nzima, na 1842 John Lawes akachukua hataza ya mbolea ya supafosfeti inayotengenezwa kwa tindikali. Miaka ya 1620 au 1500 hapo sawa, samadi na chokaa na majivu, ila ya Victoria msiniambie.

“Hakukuwa na mashine, kila kitu mkono”

Inategemea karne bwana. Mwaka 1500, ndiyo, unapura ngano kwa fimbo mbili zilizounganishwa kwa kipande cha ngozi, unainua ya kwanza ya pili inazunguka inatua kwenye masuke, na ukikosea kidogo inatua kichwani kwako. Lakini mashine za kupura zilikuwepo tangu mwishoni mwa karne ya 18, na ziligharimu watu maisha, kwa sababu kupura ndo kazi iliyokuwa inamlisha kibarua wakati wa baridi. Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza walikuwa wanazunguka usiku wanazivunja na kuchoma mazizi, serikali ikawanyonga 19 na ikawasafirisha kama 500 hivi mpaka Australia. Kwa hiyo ile injini ya mvuke mnayoishangilia ikivutwa kuingia uani inatoa moshi wake mzuri, mjue kuna watu waliiona wakajua mwezi wa kwanza hakuna kula.

“Walikuwa wananuka, hawaogi”

Hii inasemwa sana kuhusu wale wa Tudor. Kuoga mwili mzima hawakuoga mara kwa mara, ni kweli, lakini walivaa kitani ndani, shati au gauni la ndani linalogusa ngozi, linanyonya jasho, na hilo ndo lililobadilishwa na kufuliwa, tena walijisugua mwili kwa kitambaa cha kitani kikavu. Ruth Goodman alijaribu mwenyewe kwa miezi akiwa kazini na watu hawakumkimbia. Kinachopendeza ni kwamba uchafu ulihama kutoka kwenye ngozi ukaenda kwenye nguo, na nguo ina mtu wa kuifua.

Na kufua sasa, jamani. Ile sehemu ya Victorian Farm muiangalie taratibu. Unatenga nguo, unaloweka usiku kucha, unachota maji ndoo kwa ndoo, unawasha moto chini ya sufuria kubwa la shaba, unakata sabuni vipande, unapiga nguo kwenye pipa kwa mti wenye miguu kama kistuli kidogo, unachemsha, unasuuza, unasuuza tena na bluu kidogo ili nyeupe ing'ae, unakamulia kati ya rola mbili za mbao, unatia wanga, unaanika ukiomba mvua isinyeshe (Uingereza hiyo), halafu pasi ya kupasha motoni. Siku kadhaa za wiki zimekwisha. Ruth mwenyewe anasema mashine ya kufulia ni kati ya vitu vilivyomkomboa mwanamke, na ukiona mikono yake ilivyo huwezi kumbishia. Wanaume wa kipindi wakati huo wako nje wanacheka na nguruwe.

“Maji yalikuwa sumu ndo maana walikunywa bia”

Walikunywa maji. Ya visima, ya chemchemi, na London ilijengewa bomba la maji ya kunywa tangu karne ya 13. Bia nyepesi ilikuwa chakula cha kumpa mtu nguvu shambani, na ilikuwa pia sehemu ya mshahara, mpaka sheria ya 1887 ikapiga marufuku kumlipa kibarua wa shamba kwa pombe.

“Wakati wa vita wote walikuwa kitu kimoja”

Wartime Farm inatia moyo kweli, wasichana wa Women's Land Army (jeshi la wanawake wa kulima mashamba) zaidi ya 80,000 walipokuwa wengi zaidi, viwanja vya mpira vinageuzwa bustani. Umoja ulikuwepo. Ila na fimbo ilikuwepo. Kamati za kilimo za kila kaunti zilikuwa na mamlaka ya kukuambia lima hapa, panda hiki, na ukigoma unanyang'anywa shamba. Mwaka 1940 huko huko Hampshire ambako kipindi kilipigwa, mkulima mmoja alikataa kutoka kwenye shamba lake, akajifungia na bunduki, polisi wakamuua. Nchi ilikuwa inaagiza tani milioni 20 za chakula kwa mwaka na manowari za Wajerumani zinazamisha meli, hofu ilikuwa kubwa, lakini kitu kimoja siyo neno ningelitumia mbele ya familia yake.

Watu pia wanadhani vita ilipoisha 1945 mgao ukaisha. Mkate ulianza kugawiwa 1946, yaani baada ya ushindi, na nyama ikabaki kwenye mgao mpaka 1954. Mafuta ya kupikia yalikuwa adimu kiasi kwamba wakabuni ule mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, udongo wa Kongwa ukawashinda, na wakaacha 1951 wakiwa wamezamisha pauni milioni 36 hivi. Kwa hiyo Wartime Farm ina sehemu ya pili ambayo haijapigwa, iko Dodoma.

“Ukiangalia unaona maisha yalivyokuwa”

Unaona kazi ilivyokuwa, na hapo sidhani kama kuna vipindi vinavyovishinda hivi. Maisha ni kitu kingine. Peter akijikata na mundu kuna hospitali. Mavuno yakiharibika hakuna anayefukuzwa na mwenye nyumba wala kupelekwa kwenye nyumba ya maskini. Na kitu kinachokosekana kuliko vyote ni watoto. Uingereza ya Victoria kwenye kila watoto 1,000 waliozaliwa kama 150 hawakufika mwaka mmoja, na waliobaki walikuwa shambani mapema, kufukuza ndege, kuokota mawe, kung'oa magugu kwenye magenge ya vibarua yanayotembea shamba hadi shamba, mpaka sheria ya 1867 ilipokataza magenge hayo kuchukua mtoto chini ya miaka 8. Mwenye miaka 8 kamili aliendelea na kazi. Hao ukiwatafuta kwenye kipindi huwaoni, na BBC hata ingetaka kuwaweka kwa uhalisia huo, ingeishia mahakamani.