Balansi kwenye gemu za himaya za angani siyo usawa, na siyo wewe kushinda

"Hii gemu haina balansi." Nimeisoma hii sentensi mara nyingi mno mpaka sasa nikiiona najua kuna mtu kalala na hasira. Mmoja kapigwa na kompyuta usiku kucha, asubuhi anaandika haina balansi. Mwingine kagundua jamii moja ya viumbe inatafiti haraka kuliko ya kwake, haina balansi. Apdeti imetoka, silaha aliyoizoea imepunguzwa makali, basi wameharibu balansi. Kesi tatu ambazo hazijuani hata kwa salamu, zote zimetupiwa neno moja. Na kwenye gemu za kujenga himaya angani, hizi za kina Stellaris na Master of Orion, ndiyo inazidi kabisa, manake gemu zenyewe ni ndefu, vitu ni vingi, kila mtu ana kidonda chake.

Maana yenyewe ni fupi. Gemu ina balansi pale ambapo machaguo mengi iliyokupa yanabaki na sababu ya kuchaguliwa na mtu anaejua anachofanya. Ukipewa aina tano za meli na mchezaji mzuri akawa na sababu ya kuunda kila moja kwa wakati wake, balansi ipo. Akiwa anaunda moja tu, zile nne zimebaki mapambo ya menyu, balansi haipo, hata kama kila mtu kwenye galaksi kapewa meli hizo hizo na wote mko sawa sawa kabisa.

Hapo mwisho ndipo watu wengi tunaachana, kwa sababu vichwani mwao balansi ni usawa. Chukua bao la Kiswahili: kila mchezaji ana kete 32, safu mbili, mashimo nane kila safu, wa upande huu hana kitu ambacho wa upande ule hana. Huo ni usawa wa kuanzia na ni jambo zuri, ila kwenye gemu ya angani huo ni rahisi sana kuupata, unawapa wote jamii moja, sayari zinazofanana, madini yale yale, kazi imeisha. Shida ni kwamba watu wanafungua gemu ya angani ili wawe tofauti. Huyu anataka kuwa mdudu, yule roboti, yule anataka kuishi kwenye sayari yenye sumu. Ukishawatofautisha hivo usawa umekufa siku hiyo hiyo, na hapo sasa ndiyo kazi ya balansi inaanza.

Master of Orion ya 1993 ilikuwa na jamii kumi na wala hazikuwa sawa. Psilon walikuwa wanasayansi, Klackon wazalishaji, Sakkra wanazaana kama hawana kesho, Silicoid wanaishi popote hata pale ambapo wengine wangekufa, Mrrshan wanalenga vizuri kwenye vita. Sasa utafiti na uzalishaji vinakusaidia kuanzia zamu ya kwanza mpaka ya mwisho, ila kulenga vizuri kunakusaidia siku ya vita tu, kwa hiyo ukichukua Psilon mteremko, ukichukua Mrrshan unatoa jasho. Aliekuwa anacheza peke yake hakuona tatizo, kuchagua jamii ilikuwa ni kama kuchagua gemu iwe ngumu kiasi gani.

Sehemu ya pili, ya 1996, ndiyo mimi huwa nawapa watu kama mfano. Pale uliruhusiwa kutengeneza jamii yako mwenyewe kwa pointi 10, na ungeweza kujiongezea kwa kukubali udhaifu fulani fulani. Kawaida kila hatua ya sayansi unayotafiti ina vitu viwili vitatu, unachagua kimoja, basi. Ila kulikuwa na sifa ya ubunifu, ukiwa nayo unavichukua vyote. Mtu akisikia hivyo anaruka, haina balansi hiyo! Subiri basi uone bei. Sifa hiyo inakula pointi 8 kati ya zile 10. Umebaki na mbili, na jirani yako kachukua zake akazimwaga kwenye uzalishaji na anakuja na meli wakati wewe bado uko maabara unajifunza. Kitu kuwa na nguvu peke yake hakuvunji balansi, uliza kwanza mwenye nacho kalipa nini. Watu wanaangalia nguvu bei hawaiangalii, hii ndiyo inaniudhi kuliko zote.

Na ukitaka kuona balansi iliyovunjika kweli kweli, siyo ya malalamiko, angalia meli za Stellaris kabla ya apdeti ya 3.6 iliyotoka mwishoni mwa 2022. Kwenye karatasi silaha zilikuwa na mpangilio mzuri tu, leza inakula dirii lakini ngao inaisumbua, mizinga ya risasi kinyume chake, makombora yanapita ngao kama haipo. Ila watu wakishafika mbali kwenye gemu walikuwa wanaunda meli kubwa kabisa, wanazifunga mizinga ya masafa marefu, zinapiga kutoka mbali, adui anakufa kabla hajafika. Korveti, zile meli ndogo kabisa, na zile za kati zikawa za kulinda lango tu mwanzoni. Ona kwamba hapo usawa ulikuwepo asilimia mia, kila himaya ina ruhusa ya kuunda meli kubwa, hakuna alieonewa, na bado ilikuwa ni balansi mbovu kwa sababu chaguo lilikuwa moja. Wakaleta meli ndogo mpya ya kubeba torpedo, na torpedo zikafanywa ziumize zaidi kadiri shabaha inavyokuwa kubwa. Ghafla yule wa meli kubwa tupu akawa na kitu cha kuogopa, ikabidi awe na wasindikizaji. Wala meli yake haikuporwa, imetafutiwa mpinzani tu.

Sasa hii ya "kompyuta inaiba". Stellaris ina viwango vya ugumu na ule wa juu kabisa unaitwa Grand Admiral, na kwenye kiwango hicho kompyuta inaongezewa mapato. Siyo siri, imeandikwa pale pale unapochagua. Inafanyiwa hivyo kwa sababu haina akili ya kushindana na mtu aliezoea, inajenga ovyo na inapigana ovyo, ukiinyima posho utaimaliza mapema afu uanze kulalamika gemu ni rahisi. Hilo ni suala la ugumu. Unaweza kuwa na gemu ngumu yenye balansi nzuri na gemu rahisi yenye balansi ya hovyo, havihusiani. Umepigwa na Grand Admiral? Shusha kiwango, hakuna anaekuangalia.

Kuna kesi moja lakini ambapo walalamikaji wana hoja ila wanaielekeza pasipo, na ndiyo tatizo sugu la gemu hizi zote. Mwaka 1993 Alan Emrich, akiandikia jarida la Computer Gaming World kuhusu Master of Orion, aliipa gemu alama ya X nne, kwa utani wa zile X tatu za filamu za watu wazima (ndiyo, jina la aina nzima ya gemu, 4X, lilitokana na mzaha huo), na X zake zilikuwa kuchunguza, kupanuka, kuvuna na kuangamiza. Angalia zinavyoshikana. Ukipanuka unapata cha kuvuna, ukivuna unapata cha kujengea meli, ukiwa na meli unaangamiza jirani, ukishamwangamiza umepanuka tena. Mwenye nacho anaongezewa. Alietangulia sayari mbili kwenye mwaka wa ishirini anakuwa kakutangulia kumi kwenye mwaka wa hamsini, na kwenye mwaka wa mia mnaigiza tu, mshindi anajulikana na bado kuna saa kibao za kubofya.

Hii watu wanaiita sinoboli, na ndiyo, ni balansi, ila siyo ya himaya na himaya, ni ya muda na muda. Maamuzi ya mwanzo yanakuwa na uzito wote, ya mwishoni hayana uzito wowote, kwa hiyo machaguo unayopewa mwishoni ni ya kukupa shughuli tu. Unaona bado tuko kwenye maana ile ile ya juu.

Stellaris imehangaika na hili tangu itoke Mei 2016. Mwanzoni himaya zilikuwa na njia tatu za kusafiri kati ya nyota, na wa njia moja aliweza kuruka juu ya ulinzi wa mwenzie akatua nyuma, kwa hiyo ngome zilikuwa hazina maana na kila mtu alikuwa anakusanya meli zake zote kwenye rundo moja, rundo linakutana na rundo, vita moja, gemu imeisha. Kwenye 2.0 ya Februari 2018 wakafuta njia mbili za kuanzia, ikabaki ile ya barabara kati ya nyota na nyota, galaksi ikawa na vichochoro na milango ya kuzibwa. Watu walikasirika kweli, wamenyang'anywa chaguo. Ila hesabu vizuri, waliondoa machaguo mawili ili ngome, mipaka na mahali pa kupigania yawe machaguo yenye maana, na mimi nasema walifanya sawa. Apdeti hiyo hiyo ikaleta kitu kingine, upande wenye meli chache vitani unafyatua haraka zaidi, ili mkubwa ashinde kama kawaida lakini aumie.

Baadae 3.0 ya 2021 ikafanya ongezeko la wakazi liwe zito kadiri himaya nzima inavyojaa watu. Hii sikuipenda. Unakamata sayari mpya na wakazi wanaongezeka kwa kujikongoja, mkubwa kabanwa ni kweli, ila mtu wa kawaida naye kanyimwa raha ya kukua. Mpaka wakaweka sehemu ya kurekebisha kabla hujaanza gemu. Ile ya 3.3, ya 2022, ilikuwa na busara zaidi: ukubwa wa himaya ukivuka 100, sayansi na mila (zile bonasi za kudumu unazoifungulia himaya yako) zinapanda bei, na huwezi kujenga ofisi za kuufuta huo mzigo kama zamani. Unaruhusiwa kuwa mkubwa, ila ukubwa nao una bili yake.

Halafu kuna wale wanaosema balansi ya Stellaris ni lile janga la mwisho, wale wavamizi wanaokuja kuanzia miaka ya 2400 ya ndani ya gemu na unaweza kuwazidishia nguvu mpaka mara 25. Hapana ndugu zangu. Wavamizi wakitokea upande wako na wewe ndiye dhaifu watakumaliza wewe kwanza, yule mkubwa ataangalia tu. Janga linampa mkubwa kazi ya kufanya ili asichoke, halimpi mdogo nafasi ya kumfikia. Baraza la Master of Orion, pale himaya zinapompigia kura mtawala wa galaksi nzima, lilikuwa na ukweli zaidi kwa upande huu, kura zinaenda kwa idadi ya watu, ukipata theluthi mbili umeshinda, nendeni mkalale. Halikuzuia sinoboli, lilikata tu yale masaa ya kuigiza.

Kwa hiyo siombi makubwa. Kompyuta ikikupiga andika ugumu umenizidi, utasaidiwa haraka sana, kila mtu humu amepitia huko. Jirani akiwa na kitu kikali, angalia kwanza kalipa nini kukipata afu tuletee hiyo hesabu. Silaha yako ikipunguzwa makali, tuambie kama bado una sababu ya kuibeba, hata kwa adui mmoja tu. Ila siku ukiingia kwenye multiplaya ukakuta watu wanane wote wamechukua asili moja (ile hadithi ya kuanzia ya himaya), sifa zile zile na meli zile zile, hapo andika haina balansi kwa herufi kubwa, nami nitakuunga mkono.