Theluji ya kuchonga kule Breckenridge: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Tangu niweke mtandaoni picha za safari yetu ya Januari kwenda kuona sanamu za theluji Breckenridge naulizwa maswali hayohayo, na sishangai maana mengi hata mimi niliyaamini kabla hatujapanda gari, mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe aliyekuwa ana siku nne tu tangu atoke Tanga. Breckenridge ni mji wa milimani Colorado, kama kilomita 130 kutoka Denver, timu za nchi mbalimbali zinakuja kushindana kuchonga theluji.

Eti wanachonga barafu. Hapana jamani. Sisi barafu tunaita kila kitu, ya friza, ya Kilimanjaro, mpaka zile barafu za ubuyu za shuleni. Hii ni theluji, nyeupe pee, haionyeshi upande wa pili. Ukitaka barafu yenyewe nenda Harbin, China, huko ndo wanakata mapande toka mto Songhua wanayawashia mataa ndani.

Eti theluji si inaanguka tu, wao kazi yao kuchonga. Hii ndo iliniacha hoi. Theluji ya milima ile ni kavu, ukiifumbata inamwagika kama sembe, haishikani. Kwa hiyo wanatumia theluji ya kutengenezwa na mashine, wanaijaza kwenye maboksi makubwa ya mbao halafu watu wanapanda juu na mabuti wanaikanyaga wee, punje zinagandana zenyewe kwa zenyewe, ukivua mbao unabaki na bonge la tani 25 hivi, juu linapita mita 3 na nusu.

Eti wana misumeno ya umeme na nondo ndani. Hakuna. Zana ni za mkono tu, nondo marufuku, rangi marufuku. Kipande kikimeguka wanachanganya theluji na maji inakuwa kama uji mzito, wanagundishia. Tulimkuta mmoja anaparua shavu la sanamu na kibati chenye meno, chenga nyeupe zinadondoka taratibu, mama mkwe akasimama kimya kidogo halafu akasema, "Huyu si anakuna nazi huyu!" Basi hapo hatukuondoka nusu saa.

Eti shida kubwa ni baridi. Baridi ipo ila unaivalia. Shida ni ule urefu: mji uko karibu mita 2,900, yaani juu kuliko kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro! Sisi wa Aurora, hapo jirani na Denver, tumeshazoea zoea, ila mtu katoka usawa wa bahari juzi tu unampandisha huko siku moja, mama wa watu kichwa kikamuuma, chakula hakitaki, mpaka nikajilaumu. Mpe mtu siku mbili tatu Denver kwanza, anywe maji, atembee polepole, na akizidiwa dawa ni kushuka, msibishane.

Eti mtu mweusi haungui na jua. Mume wangu huyo. Kule juu miale ni mikali na theluji mpya inairudisha mpaka asilimia 80, yaani unapigwa juu na chini. Krimu alikataa, jioni pua inabanduka. Miwani ya jua pia, hasa watoto.

Eti mtoto mvalishe jaketi nene umfunge kwenye kiti cha gari. Msifanye hivyo. Jaketi linabonyea, mkanda unabaki umelegea bila nyie kujua. Mvue, mfunge, umfunike na jaketi kwa juu. Na soksi za pamba achaneni nazo, zikilowa ndo basi, chukueni za sufu.

Tairi nazo msizisahau, I-70, ile barabara kuu ya kutoka Denver kwenda milimani, ina sheria yake kuanzia Septemba mpaka Mei, tairi zilizoisha bila minyororo faini inawahusu.

Eti sanamu zinakaa msimu mzima. Siku chache tu, hali ya hewa ikikubali, halafu zinaondolewa. Mama mkwe kusikia hivyo akasikitika kweli, akainama akaokota zile chenga akajaza chupa, eti apeleke Tanga. Tumefika Aurora ni maji ya vidole viwili. Yako kwenye friza yangu mpaka leo, kaandika jina lake juu, hataki yaguswe.